Kadi ya Mkopo na Pointi za Safari: Istilahi Zilivyopokewa Makambako na Njombe

Makala haya yanahusu sentensi moja. Sentensi yenyewe niliitunga mimi, nikaiona nzuri, na ilikuwa imebaki kidogo tu ipigwe chapa. Ilikuwa katika kijitabu cha benki moja nilichopewa kukitafsiri, kinachowaeleza wateja faida za kadi ya kusafiria. Ilisema hivi: "Limbikiza pointi kila utumiapo kadi yako ya mkopo, kisha zikomboe ujipatie zawadi ya maili za safari au rejesho la fedha." Kila neno katika sentensi hiyo ni la Kiswahili, au limekwisha kuzoeleka katika Kiswahili. Sarufi yake haina kosa. Msomaji mwenye matini ya Kiingereza mkononi akiilinganisha nayo hataona kilichopungua. Walakini nilipoichukua kwenda nayo likizo nyumbani, niligundua kwamba karibu kila neno lenye uzito ndani yake lilikuwa likisema jambo jingine, na baadhi yalisema kinyume.

Nyumbani kwangu ni Makambako. Kwa wasiopafahamu, Makambako ni mji wa njia panda: hapo barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia huachana na ile iendayo Njombe na Songea, na hapo pia pana stesheni ya reli ya TAZARA, ambayo ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Njombe iko kiasi cha kilomita 60 kusini, na ndiyo makao makuu ya mkoa tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Mbao, viazi mviringo, chai na siku hizi parachichi ndizo biashara za huko. Basi hawa si watu wa kudhaniwa kuwa hawajui benki. Ni wafanyabiashara, walimu na watumishi wa serikali. Wanahesabu vizuri, na wengi wana kadi mfukoni. Ikiwa istilahi imeshindwa kwao, mtunzi wa istilahi hana wa kumlaumu ila nafsi yake.

Msomaji wangu wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, jirani wa mama mkubwa. Alivaa miwani, akaisoma sentensi ile mara mbili, akaniuliza:

"Mwanangu, kadi hii nani anaishikilia?"

"Ni yako mwenyewe, Mwalimu. Unakaa nayo."

"Kama ninakaa nayo mwenyewe, basi si ya mkopo."

Nilidhani hakuelewa. Ukweli ni kwamba mimi ndiye sikuelewa. Katika miji yetu mingi, na Makambako haimo nje ya hesabu hiyo, wako wakopeshaji wadogo ambao humpa mtu fedha kwa sharti la kuwaachia kadi yake ya ATM pamoja na namba ya siri. Mshahara au pensheni ikiingia, mkopeshaji huenda kwenye mashine, huchukua chake pamoja na riba aliyoipanga, kisha humpa mwenye kadi kilichobaki, kama kimebaki. Benki Kuu ya Tanzania imekwisha kuwaonya wakopeshaji juu ya desturi hiyo. Lakini desturi haijafa. Kadi ya mwalimu huyu ilikaa katika droo ya mtu kwa miaka miwili. Kwake yeye, na kwa walimu wenzake, "kadi ya mkopo" ni jina lenye maana iliyo wazi kabisa: ni kadi iliyowekwa rehani. Na "kukomboa" ni kitendo kinachofuata: kumaliza deni na kurudishiwa kadi yako. Ndiyo maana aliuliza, "Nikishaikomboa, pointi za nini tena?"

Mikopo ya namna hiyo watu wenyewe wameipa jina: "kausha damu". Hakuna kamati iliyokaa kulitunga, wala hakuna mtu anayehitaji kufasiriwa.

Hebu tuiangalie dhana yenyewe kabla ya kurudi kwenye maneno. Kadi za benki tulizonazo wengi wetu, zile tuziitazo kadi za ATM, hutoa fedha ambazo tayari ni zetu na ziko katika akaunti. Kadi ya aina ya pili haigusi akaunti ya mwenyewe wakati wa kununua. Benki ndiyo inayomlipa muuzaji. Mwenye kadi huandikiwa kiasi hicho, na kila mwezi hupelekewa taarifa inayoonyesha jumla anayodaiwa pamoja na tarehe ya mwisho ya kulipa. Akilipa jumla yote kabla ya tarehe hiyo, kwa kawaida hatozwi riba ya manunuzi hayo. Akilipa sehemu tu, kinachobaki huanza kuzaa riba, nayo huwa kubwa. Kuna kiasi kidogo ambacho analazimika kulipa kila mwezi ili asihesabiwe kuwa amevunja mkataba, na kuna ukomo ambao deni lake halitakiwi kuupita.

Jina la kadi hii limewasumbua hata wenye lugha yao. Mwandishi wa Kimarekani Edward Bellamy alilitumia katika riwaya yake Looking Backward ya mwaka 1888, lakini kadi aliyoiwaza yeye ilikuwa na fungu la kila raia katika pato la taifa, fungu lililopungua kadiri mtu alivyonunua. Kwa hesabu ya leo ile ilikuwa jamaa ya kadi ya ATM. Diners Club ilianza New York mwaka 1950, na wenye kadi zake walitakiwa kulipa deni lote kila mwezi. Mwaka 1958 Bank of America ilianza kutoa BankAmericard katika mji wa Fresno, California, ambayo iliruhusu deni kuvuka mwezi kwa riba. Mwaka 1976 ikabadilishwa jina kuwa Visa, neno ambalo kwa msafiri wa kwetu lina kazi nyingine. Ama pointi za safari, zilitoka upande wa ndege. Shirika la American Airlines lilianzisha mpango wake tarehe 1 Mei 1981, likimwandikia msafiri maili alizoruka ili baadaye apewe tiketi. Benki zikaja kuungana na mashirika ya ndege, na maili zikaanza kupatikana bila kuruka: mtu ananunua sabuni, anaandikiwa maili.

Sasa turudi kwenye neno "mkopo". Kisarufi halina dosari, nalo limezoeleka katika magazeti na mabenki kiasi kwamba kulibadili ghafla kungeleta vurugu. Tatizo ni kwamba mkopo kwa Mtanzania ni fungu la fedha linaloombwa kwa fomu, likapewa mtu mara moja, likaanza kudai riba siku ileile, likalipwa kidogo kidogo kwa muda uliopangwa. Mtu wa namna hiyo ya kufikiri akipewa kadi ya mkopo hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama huikataa kabisa, akidhani kuwa riba haikwepeki. Ama huipokea na kulipa kile kiasi kidogo cha kila mwezi, akiamini kwamba ndivyo mikopo inavyolipwa, na kwamba yeye ni mlipaji mwaminifu. Huyu wa pili ndiye anayeumia, na anaumizwa na neno.

Mfanyabiashara mmoja wa mbao, kijana wa rika langu, nilipomweleza mambo haya bila kutaja jina la kadi, alinikatiza: "Kumbe ni mali kauli ya benki." Sikuwa nimeliwaza neno hilo. Mali kauli ni bidhaa anayopewa mchuuzi kwa ahadi ya mdomo, auze kwanza, alipe baadaye kwa siku waliyopatana. Biashara ya pwani na bara iliendeshwa kwa imani ya namna hiyo tangu zamani. Taria Topan wa Unguja aliwatanguliza wenye misafara kwa bidhaa na fedha, naye Tippu Tip alikuwa miongoni mwao. Lugha yetu haikuwahi kukosa maneno ya fani hii: hundi, hawala, rehani, karadha, amana, dhamana, yote ni makongwe kuliko benki yoyote iliyoko Njombe.

Nililijaribu wazo la kijana yule kwa wengine. Linashika mahali penyewe hasa ambapo neno "mkopo" linapaacha: unachukua kwanza, una siku ya kulipa, na ukitimiza kauli yako huongezi hata senti. Lakini lina mipaka. Mali kauli hupewa mtu anayefahamika, na anayechelewa hupoteza heshima, si asilimia. Tena ni mali ya kuuza, si ya kula. Kwa hiyo sithubutu kupendekeza "kadi ya kauli" iwe istilahi rasmi, ingawa nakiri inanivutia. Ninachopendekeza ni kwamba "kadi ya mkopo" ibaki katika mikataba na sheria, lakini mfasiri asiiandike kwa mara ya kwanza katika matini yoyote ya wananchi pasipo kuifasili papo hapo: kadi ambayo benki humlipia mwenye kadi kwanza, naye huirudishia benki baadaye. Nayo ile nyingine iitwe kama inavyoitwa na watu, kadi ya ATM. Haya ni maoni yangu na si uamuzi wa Baraza.

Nasema hivyo nikikumbuka kwamba wenye simu wametupita. Huduma ya kumwongezea mteja fedha ili muamala wake ukamilike pale salio linapopungua ni jamaa wa karibu sana wa kadi ya mkopo. Nchini Kenya huduma hiyo ilianza Januari 2019, nayo ikaitwa Fuliza. Kwetu Vodacom wakaiita Songesha. Vitenzi viwili vya kawaida, katika kauli ya kuamuru, na mkulima wa Igwachanya anajua kinachotendeka: anasogezwa mbele, halafu atalipa. Vivyo hivyo "Lipa Namba", inayobandikwa katika kila duka la Makambako. Sijui kama sisi wa kamati tungeliruhusu jina hilo lipite. Pengine tungelidai kiunganishi.

Sasa pointi. Hapa nilikuwa na hakika kuwa nipo salama, kwa sababu neno hili limekwisha kuingia katika mpira, katika mijadala na katika simu. Safaricom ya Kenya ilianza kutoa Bonga Points mwaka 2007, na mwaka 2020 iliruhusu zitumike kununulia chakula na bidhaa nyingine, pointi moja ikihesabiwa senti 30 za Kenya. Lakini katika chumba cha walimu wa shule moja ya sekondari Njombe niliposema "ukitumia kadi utapata pointi nyingi", walicheka. Mwalimu wa hesabu akanieleza, kwa upole, kwamba yeye kazi yake ni kuwafundisha watoto wapate pointi chache. Ni kweli. Katika matokeo ya kidato cha nne, daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, na mwenye pointi 34 au 35 amepata sifuri. Kwa kila mzazi na mwalimu nchini, wingi wa pointi ni msiba. Nilijaribu "alama": nazo ni za mtihani, ila hizi angalau wingi wake ni heri, kwa bahati mbaya "alama" ina maana nyingine nyingi mno, na "alama ya kadi" ilieleweka kuwa nembo ya benki. Nimeishia kuliacha neno "pointi", mradi lisisimame peke yake. "Pointi za safari" halikumchekesha mtu.

"Maili" ndilo neno nililofurahi kuliacha. Watanzania hupima njia kwa kilomita; maili imebaki katika majina ya mahali, kama Maili Moja ya Kibaha. Zaidi ya hayo, maili hizi zimekwisha kuacha kuwa kipimo cha masafa. Mashirika mengi siku hizi humpa msafiri maili kwa kadiri ya nauli aliyolipa, si kwa umbali aliokwenda. Mashirika yenyewe yanatafuta majina mengine: Ethiopian wana ShebaMiles, RwandAir wana Dream Miles, lakini Kenya Airways wameuita mpango wao Asante Rewards, na Qatar Airways tangu mwaka 2022 hutumia Avios. Mfasiri akikuta maili katika jina la mpango, aliache jina lilivyo. Akizikuta katika maelezo, "pointi za safari" zinatosha.

Juu ya "zawadi" nitakaa zaidi, kwa kuwa hapa hasara si ya kuchekesha.

Zawadi hutolewa bure na hupokewa kwa shukrani. Mwenye kupewa zawadi haulizi imelipiwa na nani. Lakini pointi zina mlipaji. Muuzaji anapopokea malipo ya kadi, sehemu ya fedha humegwa kwa ajili ya benki na mtandao wa kadi. Nchini Marekani ada hiyo kwa kadi za mkopo mara nyingi hukaribia au kupita asilimia 2. Humo ndimo zinamotoka pointi nyingi, na nyingine hutoka katika riba za wale wasiomaliza deni, na katika ada za mwaka. Umoja wa Ulaya mwaka 2015 uliweka kikomo cha ada ambayo benki ya muuzaji huilipa benki ya mwenye kadi: asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi na 0.2 kwa zile zitoazo fedha za akaunti. Chungu kilipopunguziwa maji, pointi za Ulaya zikawa haba zikilinganishwa na za Marekani.

Nilipolieleza jambo hili sokoni Makambako, mama mmoja muuza viazi alisema neno moja tu: "Lumbesa." Wasomaji wa nyanda za juu wanalijua. Ni gunia lililoshonewa kilemba juu, likajazwa kupita ujazo wake, na mnunuzi akalilipia kama gunia moja. Serikali imelipiga vita mara nyingi. Mnunuzi anakiita kile kilemba nyongeza; mkulima anajua kimetoka shambani kwake. Mfano huu haulingani na pointi kwa kila hali, maana muuzaji wa dukani anaweza kupandisha bei ili kufidia ada, na hapo anayelipa kwa fedha taslimu humchangia nauli mwenye kadi bila kujua. Lakini fikra ya mama yule ilikuwa timamu kuliko kijitabu changu. Kwa hiyo badala ya "zawadi" napendekeza "nyongeza", neno la sokoni, ambalo mtu akilisikia hutazama kwanza bei. "Tuzo" lisitumike, tuzo hupewa aliyeshinda.

Ninatofautisha nyongeza hii na bahati nasibu za matangazo. Benki zetu zimekuwa zikiwashawishi wateja walipe kwa kadi kwa kampeni zenye majina ya mtaani, kama MastaBata ya NMB, ambayo miongoni mwa washindi wake wako waliopelekwa Dubai. Jina hilo ni kazi nzuri ya lugha: limeifunga kadi ya Mastercard na "kula bata" katika pumzi moja. Lakini mshindi wa droo amepata zawadi kweli; wenzake wote hawakupata kitu. Mwenye pointi hupata kila mara anapolipa, kidogo kidogo. Ni dhana mbili, na zisiitwe kwa jina moja.

Mtu akitaka kulinganisha kadi mbili, maneno haya yote hugeuka kuwa hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Kadi ya kwanza inatoa pointi 1 kwa kila shilingi 1,000, na pointi ina thamani ya shilingi 10 katika nauli. Ada yake ya mwaka ni shilingi 100,000. Kadi ya pili inatoa pointi 1 kwa kila shilingi 2,000, thamani ileile, nayo haina ada. Ya kwanza hurudisha asilimia 1, ya pili nusu asilimia. Tofauti ni nusu asilimia, na nusu asilimia itafikia shilingi 100,000 pale tu mtu atakapokuwa ametumia shilingi 20,000,000 kwa mwaka. Chini ya hapo kadi isiyo na ada ndiyo bora, hata kama kijitabu cha ile nyingine kina picha ya ndege. Sasa tuseme mtu ameacha deni la shilingi 1,000,000 livuke mwezi kwa riba ya asilimia 3. Riba ya mwezi mmoja ni shilingi 30,000. Pointi alizopata kwa manunuzi hayo katika kadi bora zaidi ni za shilingi 10,000. Hakuna mbinu ya kukusanya pointi inayoweza kuzishinda tarakimu hizi, na ndiyo sababu neno la kufasiriwa kwa uangalifu kuliko yote katika vijitabu hivi si "pointi" bali lile la muda wa kulipa. Wengi huandika "muda wa neema" au "muda wa rehema". Msomaji wa Njombe huona kuwa ni muda wa kusamehewa baada ya kuchelewa, kumbe ni muda kabla ya kuchelewa. Iandikwe "muda usio na riba". Na kile kiasi kidogo cha kila mwezi kisiitwe "malipo ya mwezi", maana atadhani ndilo deni lote. Kiitwe "kiasi cha chini kabisa cha kulipa", hata kama ni kirefu.

Mbinu nyingine zinahitaji maneno machache. Pointi nyingi kwa mpigo hutolewa kwa mteja mpya akifikisha kiasi fulani cha matumizi katika miezi ya mwanzo: "pointi za ukaribisho". Huko Marekani wako wanaofungua kadi moja baada ya nyingine kwa ajili ya hizo tu, na baadhi ya jamaa zetu walioko huko wamezitumia kuja nyumbani. Mwenye pointi za shirika la United, kwa mfano, anaweza kuzitumia katika ndege za Ethiopian, kwa kuwa yote mawili yamo katika ushirika wa Star Alliance. Nyongeza itamfikisha Dar es Salaam, na basi la kuja Makambako atalilipia kwa simu. Kuna "ada ya fedha za kigeni", ambayo mfanyabiashara anayenunua bidhaa Dubai au Guangzhou hana budi kuitazama kabla ya kuhesabu pointi. Nasema "ada" kwa makusudi. "Tozo" lilikuwa neno zuri lisilo na upande hadi Julai 2021, miamala ya simu ilipowekewa tozo ya serikali. Tangu hapo mtu akisoma "tozo" anaitafuta serikali ndani yake.

Na pointi huisha muda, au hupunguzwa thamani na aliyezitoa, ambaye haombi ruhusa. Kwa hiyo kuzikalia muda mrefu si akiba. Hapo nalifikia neno la kwanza la sentensi yangu, nililoliona la fahari kuliko yote: "limbikiza". Walimu wanalijua neno hili katika "malimbikizo", nayo ni fedha wanazodai na ambazo hawajalipwa. Nani atafurahi kuambiwa alimbikize? "Kusanya" linatosha.

Limebaki "rejesho". Katika vikundi vya kukopeshana, na kwa wakopeshaji wote niliowataja, rejesho ni fungu la deni linalopelekwa kila wiki au kila mwezi. Siku ya rejesho ni siku ya watu kufunga milango. Kuahidi "rejesho la fedha" kama faida ni kumwahidi mtu homa. "Punguzo linalorudi" ndilo nililolipata. Silipendi sana, na nitamshukuru msomaji atakayeniletea lililo bora.

Niliiandika upya sentensi yangu, ikawa tatu: "Kila unapolipa kwa kadi hii, benki hukulipia kwanza, nawe hupata pointi za safari. Ukiirudishia benki fedha zote kabla ya tarehe iliyotajwa, hutozwi riba. Pointi hizo utazitumia kulipia nauli ya ndege." Nikairudisha kwa mwalimu mstaafu, siku moja kabla ya likizo yangu kwisha. Alisoma mara moja tu safari hii.

"Na nisiporudisha zote?"

Nikamwambia hilo limeelezwa ukurasa wa nne.

"Lilete ukurasa wa kwanza," akasema, akavua miwani.